Ziwa Tanganyika kufungwa miezi mitatu: samaki wameongezeka au wavuvi tumepungua?

#1 Kipe_Mbili
Wakuu, salaam. Nina vipe viwili, vyombo vya mbao vya kuvulia dagaa kwa taa, pale Kibirizi, Kigoma, kwa hiyo naongea nikiwa na maslahi. Nimesema mapema nisije nikaambiwa nimejificha.

Mwaka 2024 serikali ilifunga Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Tukaambiwa ni makubaliano ya nchi nne, sisi, Kongo, Burundi na Zambia, ili samaki wapumzike na wazaliane. Sawa. Lakini ile miezi mitatu iliniondolea watu. Nilikuwa na vijana waliojua kazi, na mmoja wao akiwasha taa anatazama maji kidogo tu anakwambia dagaa wamekaa kina gani, tushushe wavu au tusubiri. Ziwa lilipofunguliwa hawakuwepo. Huyo fundi wa taa sasa anaendesha bodaboda Kasulu, na amenikatalia kurudi, anasema abiria hafungwi. Nikaanza na watoto wa kufundishwa hata namna ya kushika kamba.

Swali langu ni moja. Kuna mtu anaweza kunionyesha kwa mizani, si kwa maneno ya jukwaani, kwamba kufunga kumeongeza samaki? Au tunafunga kwa sababu kufunga ni rahisi kuliko kukamata nyavu haramu?

#2 Mbalamwezi
Naweka kigoda hapa. Uzi huu una mvua.

#3 Mtafiti Njaa
Kipe_Mbili, asante kwa kutaja maslahi yako, wengi hawataji. Mimi nimesomea mambo haya ila sijaajiriwa nayo, jina langu linajieleza.

Hoja ya kufunga inasimama juu ya maisha ya dagaa mwenyewe. Dagaa wa Tanganyika anakua haraka na anaishi muda mfupi, mwaka mmoja hivi au kidogo zaidi. Samaki wa namna hiyo ukimpa nafasi hata ya miezi michache, waliokuwa wadogo wanakuwa wakubwa na baadhi wanazaa kabla hujawakuta. Siyo kama sangara ambaye unamsubiri miaka. Ndiyo maana miezi mitatu inaweza kuleta tofauti kwa dagaa. Kwa migebuka sina uhakika hata kidogo kwamba miezi mitatu inatosha.

#4 Kipe_Mbili
Mtafiti Njaa, hapo sawa. Lakini dagaa huyo huyo anazaa mwaka mzima, kuna vipindi vya kuzidi tu. Na akiwa anaishi mwaka mmoja, wale niliowaacha Mei wengi wao wanakufa au wanaliwa na migebuka kabla ya mimi kurudi. Kwa hiyo nimemfugia migebuka?

#5 Mbalamwezi
Na migebuka umemfugia nani? Si wewe mwenyewe?

#6 Nahodha Mstaafu
Vijana, mimi ni wa huku kusini, Kasanga, Rukwa. Mnasahau upepo. Mei hadi Agosti ni kusi. Kusi likivuma huku, kuna siku hutoki hata kama ziwa liko wazi na askari wamelala. Walipotangaza tarehe zile nilicheka, nikasema wamefunga duka ambalo mwenyewe alikuwa hafungui kila siku.

Ila msinielewe vibaya. Kusi ndilo linalolisha ziwa. Linasukuma maji ya juu kwenda kaskazini, maji ya chini yenye rutuba yanapanda huku kwetu. Baada ya hapo ndipo samaki wanashiba. Kwa hiyo aliyechagua miezi ile hakukurupuka, alijua ziwa. Aliyesahauliwa ni mvuvi wa Kigoma, ambako kusi halimfungii ndani kama sisi.

#7 Mama Vichanja
Hodi humu. Naona mnaongea vipe, taa na upepo. Nani anaongea habari za sisi tunaonunua na kuanika?

Mwenye kipe ana kipe. Hata akikaa miezi mitatu, mbao zake zipo. Mimi mtaji wangu ni fedha inayozunguka. Nanunua dagaa alfajiri, naanika kwenye kichanja, jioni nageuza, kesho nafunga gunia, linapanda gari kwenda Dar. Fedha ikirudi nanunua tena. Ziwa lilipofungwa nilikuwa na magunia yaliyobaki, nikauza kwa bei nzuri kweli, nisidanganye, maana dagaa waliadimika. Watu wakasema Mama umetajirika. Wiki chache baadaye magunia yamekwisha, watoto wanakula ule mtaji. Agosti ziwa linafunguliwa, dagaa wapo, mimi sina cha kununulia. Nikakopa kwenye kikundi kwa riba ili nirudi kwenye kazi niliyokuwa naifanya bila mkopo.

Na mwenye mkopo kabla ya kufungwa ndiye alilia zaidi. Rejesho halijui kama ziwa limefungwa.

#8 Mwanasheria wa Mwalo
Niongeze kipande cha sheria, maana naona watu wanasema "serikali imeamua tu". Msingi wake ni mkataba wa kikanda wa usimamizi wa uvuvi ambao nchi nne zilisaini Desemba 2021, chini ya Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura. Mamlaka hiyo nayo imetokana na mkataba wa 2003 uliosainiwa Dar es Salaam. Kwa hiyo Waziri wa hapa alikuwa anatekeleza kitu ambacho nchi ilikwishajifunga nacho. Ukitaka kulalamika, lalamikia namna ya kutekeleza, kwa sababu saini ipo.

Na hapo ndipo nina hoja. Leseni ya chombo ni ya mwaka mzima. Ukinifungia ziwa robo ya mwaka, kwa mantiki ipi nalipa mwaka mzima? Hakuna aliyenijibu bado.

#9 Kipe_Mbili
@Mwanasheria wa Mwalo HAPO. Hapo ndipo nilipokuwa natafuta maneno. Rudisha robo!

#10 Kijana wa Ukara
Nyie wa Tanganyika mnalia miezi mitatu, mngekuwa Ziwa Victoria 2018 mngesemaje? Operesheni Sangara ilipita kisiwani kwetu, nyavu zikachomwa ufukweni mchana kweupe. Makila, yaani nyavu za kutega, ya inchi chini ya sita, timba (nyavu za uzi mmoja wa plastiki), kokoro, vyote. Sikatai kokoro ni haramu, linakwangua mazalia yote. Lakini kuna wazee walichomewa makila waliyonunua dukani mjini, kwa risiti, duka lina leseni. Dukani haramu inauzwa halali, ziwani inachomwa.

Na sangara alikuwa na kipimo wakati huo, sentimita 50 hadi 85. Chini ya 50 ni mtoto, juu ya 85 ni mzazi. Sasa makila hayana macho ya kuona rula. Unavuta asubuhi unamkuta wa sentimita 47 amekwishakufa. Ukimrudisha majini anaoza, ukimpeleka mwaloni, wanaposhushia samaki, unakamatwa, ukimla kambini unaomba Mungu ofisa asifunue sufuria.

#11 Mbalamwezi
Sufuria? Ndugu, mwaka 2018 walifunua hadi sahani za mgahawa wa Bunge, Dodoma. Maofisa wa wizara waliingia na rula kupima samaki wa waheshimiwa. Wewe wa Ukara ulitegemea kupona?

#12 Kalamu Nzito
😂😂 Ile siku ndiyo wabunge walijua kwamba sheria ya uvuvi ipo.

#13 Mtafiti Njaa
Kijana wa Ukara, kwenye kipimo nikurekebishe kidogo na nikuunge mkono kidogo. Kipimo cha 50 hadi 85 kilikuwa cha nchi tatu za ziwa, siyo chetu peke yetu. Kusudi lake ni kumwacha mdogo akue na kumwacha jike mkubwa azae, maana jike mkubwa ana mayai mengi mno. Lakini sangara jike wengi wakiwa na sentimita 50 bado hawajazaa hata mara moja. Kwa hiyo hata anayefuata sheria anavua mabinti. Namba ile ni maelewano kati ya samaki, mvuvi na viwanda vya minofu, na katika maelewano hayo samaki hakuwa na mwakilishi.

Kuhusu nyavu kukamata wa sentimita 47: ndiyo maana inchi sita ikawekwa, wadogo wengi wapite. Siyo wote watapita.

#14 Kijana wa Ukara
Wapite, ndiyo, kama wavu uko peke yake na umenyooka. Ila sangara sasa hayuko pale alipokuwa baba yangu akimkuta. Wavu wa macho 26 kwenda chini haumfikii. Watu wakaunga mbili, tatu wima. Hilo nalo likahesabiwa kosa. Sheria ilikuwa inakwambia vua kwa kina kile, samaki amehamia kina kingine. Anayetii anarudi na mafuta yameisha na ndoo tupu.

#15 Jaduong' Samaki
Majirani, salamu kutoka Homa Bay. Sisi Kenya tunafunga omena, ndio dagaa wa Victoria, kila mwaka, Aprili hadi Julai. Hata hakuna anayeshangaa tena. Mnaita miezi mitatu msiba, sisi tuna minne.

Lakini niwaambie kinachofanyika. Wakati huo watu wa omena wanaingia kwa sangara na ngege (sato). Mashua zile zile, vijana wale wale, nyavu tofauti. Kwa hivyo omena anapumzika, ngege anateseka. Na omena haitoweki sokoni, inakuja ikitoka upande wenu na wa Uganda. Wafanyabiashara wetu wanajua njia. Ukifunga upande mmoja wa maji yasiyo na ukuta, unafunga watu wako tu.

#16 Kalamu Nzito
Jaduong', Kenya mna asilimia 6 ya Ziwa Victoria. Hata mkifunga mwaka mzima omena hatajua.

#17 Jaduong' Samaki
Asilimia 6 na bado samaki wenu wote tunanunua sisi 😄 Fanyeni hesabu nani ana ziwa.

#18 Nahodha Mstaafu
Jambo la Jaduong' la watu kuhama ni zito. Mwaka ule wa kufungwa, vijana wa huku walikwenda wapi? Wengine Ziwa Rukwa, wengine Victoria. Ukifunga ziwa moja unamsukuma mvuvi kwenye jingine, na nyavu zake begani.

#19 Kijana wa Ukara
Walikuja, nathibitisha. Wengine tuliishi nao kambini. Wachapakazi. Sasa walikuja na mbinu za taa ambazo sisi… niishie hapo.

#20 Mwana Kalemie
Jambo ndugu wote. Niko ng'ambo, Kongo. Najua huwa mnasema sisi hatufungi. Ile miezi huku pia walitangaza, na kuna wavuvi walipokonywa nyavu. Lakini ziwa letu ni refu, kwetu kuna sehemu kubwa sana, na kuna vijiji hakuna barabara inayofika. Nani ataenda kukesha huko? Mtu ana watoto, ana wavu, ana giza. Mjibu ninyi.

#21 Kipe_Mbili
Mwana Kalemie, karibu, na asante kwa ukweli. Maana sisi tulikuwa tumekaa ufukweni usiku, tunaona taa huko mbele. Moja, mbili, msururu. Wewe umefungiwa, unaangalia mwenzako anavua samaki wa ziwa hilo hilo. Hiyo inaumiza kuliko njaa.

#22 Mtafiti Njaa
Mkuu, samahani. Ziwa lina upana wa kilomita 50 hivi kwa wastani. Taa ya mtumbwi ulioko pwani ya Kongo huwezi kuiona ukiwa umekaa mchangani Kibirizi, inazibwa na mviringo wa maji yenyewe. Ulichokiona ni waliosogea mpaka katikati, au ni wa upande wetu waliotoka kimya kimya.

#23 Mbalamwezi
Waliotoka kimya kimya na taa zinawaka 😂

#24 Kipe_Mbili
Iwe Wakongo, iwe majirani zangu, samaki kavuliwa. Hoja yangu haijafa.

#25 Mtafiti Njaa
Haijafa, lakini imegeuka. Kama ni majirani zako, basi tatizo ni lile ulilosema kwenye #1, ukamataji, siyo kufunga.

Sasa niseme jambo ambalo pande zote hamtalipenda. Inawezekana kabisa kwamba sehemu ya kupungua kwa samaki Tanganyika haihusiani na nyavu zenu. Ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470, na hewa ya oksijeni inaishia mita 100 hadi 200 hivi za juu. Chini ya hapo kuna rutuba nyingi ila hakuna samaki. Rutuba ikipandishwa na upepo, mwani unaota, dagaa wanakula. Maji ya juu yakizidi kuwa ya joto yanakuwa mepesi, yanakataa kuchanganyika na ya chini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kwenye jarida la Nature ulikadiria uzalishaji wa mwani umeshuka kama asilimia 20, na kwamba hilo lingeweza kumaanisha samaki wamepungua asilimia 30 hivi. Mwingine wa 2016 ulichimba tope la chini ya ziwa na kuonyesha mabaki ya samaki yalianza kupungua hata kabla uvuvi mkubwa wa biashara haujaanza.

Kama ni hivyo, unaweza kufunga ziwa miezi tisa na bado usirudishe ya zamani.

#26 Nahodha Mstaafu
Mtafiti, hapo nakukatalia nusu. Uvuvi mkubwa umeanza zamani kuliko mnavyofikiri ninyi wa vitabuni. Wagiriki walikuwa na meli za kuzungushia nyavu huko Bujumbura tangu miaka ya 1950. Miaka ya tisini samaki wa kaskazini walipowaishia, meli zikashuka Mpulungu, Zambia, jirani na sisi hapa. Nimeziona kwa macho yangu. Zilikuwa zinawasha mitumbwi ya taa kadhaa kwa wakati mmoja, wavu unazungushwa, migebuka inatapika juu ya sitaha. Halafu leo ofisa anakuja kumwambia mwenye kipe kimoja kwamba wewe ndiye umemaliza samaki.

Joto lipo, sibishi. Hata mimi naona kusi la sasa si lile. Lakini mkisema ni joto tu, aliyevuna akaondoka hatasikia aibu.

#27 Mtafiti Njaa
Sikusema ni joto tu, mzee wangu. Nimesema sehemu. Na utafiti wa tope unazungumzia kabla ya hizo meli.

#28 Mama Vichanja
Mnazungumza tope la miaka mia, mimi rejesho ni Ijumaa.

#29 Kalamu Nzito
Nimecheka ila inauma. Mama kasema.

#30 Bahari Kuu
Mimi natoka Pemba, naomba kuchangia kwa pweza. Huku tunafunga miamba ya pweza, miezi mitatu hivi, halafu tunafungua. Tofauti ni kwamba hatukuletewa na tangazo la redioni. Kamati ya shehia ilikaa, ikakubali kufunga kipande tu, siyo bahari yote. Kipande kingine mama anaingia na mkuki wake siku zote anapata cha chungu. Pweza anakua haraka ajabu, ukifungua unakuta mkubwa, na watu wanaona kwa macho. Hakuna haja ya kuwashawishi kwa makaratasi.

Shida yetu ni siku ya kufungua. Wanakuja watu hata wasio wa shehia, kila mtu na mkuki. Pweza wanajaa, mnunuzi anajua, bei inashuka siku hiyo hiyo. Umesubiri miezi mitatu uuze kwa bei ya kutupa. Baadaye kuna kamati zikaanza kuzungumza na mnunuzi kabla ya siku yenyewe, bei ikakubaliwa mapema. Si zote zilizofaulu, ila ni akili.

Je, Kigoma mlipofungua tarehe 15 Agosti bei ilikuwaje?

#31 Mama Vichanja
Bahari Kuu, umenigusa. Siku za kwanza ilikuwa fujo. Kila kipe kimetoka usiku ule ule, asubuhi dagaa kila mahali, vichanja havitoshi, watu wanaanika mchangani kama zamani. Dagaa wa mchangani wana mchanga, mnunuzi wa Dar anawashusha daraja. Bei ikalala. Baada ya wiki chache ikarudi. Mwenye mtaji wa kusubiri ndiye alipata, wale matajiri wenye maghala. Sisi tuliuza tulipie.

#32 Kipe_Mbili
Na kwa sisi wenye vyombo kuna gharama ambayo hakuna aliyeihesabu. Kipe ni mbao. Mbao zikitolewa majini zikakaa juani miezi mitatu zinakauka, zinasinyaa, maungio yanaachia. Ukikishusha majini kinakunywa. Nilishusha cha kwanza, kabla ya jua kuzama maji yako kwenye vifundo vya miguu, tunachota kwa ndoo. Ikabidi kipandishwe tena, fundi apige kalafati upya mwanzo hadi mwisho, pamba na mafuta yake, huku wenzangu wako ziwani. Cha pili ndani ya wavu panya wamefanya makazi, wametoboa matundu ambayo hata afisa uvuvi hana kipimo chake.

#33 Mbalamwezi
Panya nao walifungiwa miezi mitatu, wale nini?

#34 Nahodha Mstaafu
Kipe_Mbili, kosa ni kukipandisha juani. Ungekiacha majini kimefungwa, au ukipandishe kivulini ufunike kwa makuti na umwagie maji kila baada ya siku kadhaa. Mbao hazitaki kukauka. Hii walitufundisha wazee.

#35 Kipe_Mbili
Kukiacha majini kulikuwa na hofu. Ofisa akikuta chombo majini anauliza umetoka saa ngapi. Wenzetu walipata usumbufu kwa hilo, tukaona bora kipandishwe juu kabisa kila mtu aone.

#36 Mwanasheria wa Mwalo
Hicho kitu kingeandikwa kwenye mwongozo mistari miwili tu: chombo kikiwa majini bila wavu na bila taa si kosa. Ingeokoa kalafati ya watu wote.

#37 Kalamu Nzito
Wakuu, niseme upande wa pili maana uzi umeegemea. Mimi ni mlaji, si mvuvi. Nimekulia Ujiji. Migebuka niliyokuwa naiona sokoni nikiwa mdogo na hii ya sasa ni vitu viwili. Bila kuzuia, mnafikiri itafika wapi? Kule Canada, Julai 1992, serikali ilifunga uvuvi wa samaki aina ya kodi (cod) kwa sababu walichelewa kuzuia. Ilisemwa miaka miwili. Imeondolewa 2024. Watu kama 30,000 walipoteza kazi kwa mpigo. Hao hawakufungiwa miezi mitatu, walifungiwa maisha. Bora tulie kidogo sasa.

#38 Mwanasheria wa Mwalo
Mfano mzuri, ila umekatia njiani. Hao wa Canada walilipwa na serikali yao baada ya kufungiwa. Na Brazil wana utaratibu wa kudumu: mvuvi mdogo aliyesajiliwa, msimu wa kufunga ukifika analipwa kiasi cha mshahara wa kima cha chini kila mwezi hadi ufunguliwe. Sisi tulipewa semina.

#39 Jaduong' Samaki
Sisi hata semina hatukupata.

#40 Kalamu Nzito
Brazil hiyo hiyo ambako watu wasiojua hata kushika ndoano walijiandikisha kuwa wavuvi ili walipwe? Leteni hapa muone. Kesho Kigoma nzima itakuwa wavuvi, hadi mwalimu mkuu.

#41 Mama Vichanja
Na mimi ningeandikwa nini? Sivui. Mlipaji akija atamlipa mwenye chombo, atamlipa nahodha labda, kibarua kwa shida. Mwanika dagaa hayupo kwenye daftari lolote.

#42 Kipe_Mbili
Kweli. Hata mimi vijana wangu hawapo kwenye daftari. Leseni ina jina langu. Wao wanalipwa kwa mgawo, tukitoa gharama, kinachobaki tunagawana. Kipindi kile mgawo wa sifuri ni sifuri. Ningewapa nini?

#43 Msomaji Tu
Swali la mgeni: hivi vizimba ambavyo serikali inakopesha bila riba havisaidii? Si mvuvi afuge badala ya kuvua?

#44 Kijana wa Ukara
Msomaji Tu, kizimba kinataka chakula cha samaki kila siku kwa miezi kadhaa kabla hujauza hata mmoja. Na chakula hicho sehemu yake kinatengenezwa kwa dagaa. Unamnyang'anya mtu dagaa ili umfugishe sato anayekula dagaa.

Waliofanikiwa wapo, nisiseme uongo, ila wengi walikuwa na fedha tangu mwanzo. Kibarua wa makila hapewi kizimba.

#45 Mtafiti Njaa
Na Tanganyika kuna tahadhari ya ziada. Ziwa lina mamia ya aina za samaki ambao hawapo popote pengine duniani. Kuleta sato wa kufuga kutoka nje kiholela ni hatari, Victoria walileta sangara miaka ya hamsini na sitini na furu, samaki wadogo wa asili wa kule, wengi wakapotea. Kila ufugaji uanze na samaki wa ziwa hili hili.

#46 Kijana wa Ukara
Sangara huyo huyo ndiye aliyejenga viwanda na nyumba za bati huku. Msimtukane sana.

#47 Mbalamwezi
Na mabondo je, vile vibofu vya hewa vya sangara? Mbona hakuna aliyetaja mabondo? Ndiyo yanayofanya watu wamtafute mzazi wa juu ya 85. Bondo la mkubwa bei yake ni habari nyingine. Weka rula zote, bondo linashinda.

#48 Kijana wa Ukara
Hilo lina uzi wake. Tukilifungua hapa patachimbika.

#49 Kipe_Mbili
Nirudi kwenye swali langu. Ukurasa wa pili huu na bado hakuna aliyeleta mizani. Mtafiti anasema joto, Nahodha anasema Wagiriki, Jaduong' anasema majirani, Kalamu anasema tungoje. Mimi niseme nilichoona: siku za mwanzo baada ya kufungua tulipata dagaa wengi, wakubwa kidogo. Ilipofika mwezi wa kumi ilikuwa kama kawaida. Je, hao wengi ni kwa sababu walizaliana, au ni wale wale tu walikuwa hawajavuliwa wamejikusanya?

#50 Mtafiti Njaa
Hilo ndilo swali sahihi, na haliwezi kujibiwa kwa mizani ya mwaloni peke yake. Ukiacha kuvua miezi mitatu, lazima siku ya kwanza upate wengi, hata kama hakuna aliyezaliwa. Ili ujue, unahitaji kupima dagaa mmoja mmoja urefu wake kwenye mwalo ule ule, kabla na baada, miaka kadhaa mfululizo, na kuhesabu vyombo vilivyotoka na taa walizotumia. Kipe cha karabai za zamani na cha taa za sola si sawa. Na wavuvi mnaweza kufanya hivyo wenyewe, rula ni ile ile ya Bungeni.

#51 Nahodha Mstaafu
Na waandike hali ya mwezi. Ukilinganisha usiku wa giza na wa mbalamwezi utajidanganya.

#52 Mbalamwezi
Nimeitwa?

#53 Mwana Kalemie
Na sisi mtuambie, tupime pia. Kama mnapima upande mmoja hamtajua kitu.

#54 Kipe_Mbili
Mwana Kalemie, hilo nimelipenda. Nitumie namba faragha tuone. Mwanasheria, unao huo mkataba wa 2021 kwa Kiswahili? Nataka nione kama kuna mahali pametajwa fidia au mpito.

#55 Mwanasheria wa Mwalo
Ninao wa Kiingereza. Nitakaa nao wikiendi nitoe vipengele vinavyohusu wavuvi, niweke hapa. Mkinilipa dagaa nitaharakisha.

#56 Mama Vichanja
Dagaa ninao, wa kichanjani, hawana mchanga. Kilo au sado?

#57 Mwanasheria wa Mwalo
Sado. Na migebuka mkavu ukiwepo.

#58 Nahodha Mstaafu
Kipe_Mbili, huyo fundi wako wa kalafati anatumia pamba ya wapi? Huku tumebaki na vipande vya magunia, mtumbwi wangu unakunywa na mimi ziwa liko wazi.

#59 Kipe_Mbili
Mzee, ananunua mjini Kigoma karibu na soko. Nitamuuliza kesho kama anaweza kukutumia kwa meli.